Ufadhili wa Wenye Shoto

Katika miaka thelathini na minne ya kupiga pasi nguo za watu, Bibi Adabu hakuwa ameunguza hata leso. Jambo hilo aliwaambia wateja, akawaambia majirani, na siku ambazo hapakuwa na mteja wala jirani aliwaambia nzi. Kwa hiyo Jumanne ile, harufu ya kola iliyoungua ilipotoka mlangoni kwake na kuvuka njia, kinyozi wa ng'ambo aliacha kichwa cha mteja kikiwa nusu kimenyolewa, akaja mbio na mashine mkononi.

"Mama, kuna nini? Umeanguka?"

"Sijaanguka."

"Basi nani kafa?"

"Kola ya mhasibu," alisema Bibi, akiitazama alama ya kahawia yenye umbo la pasi. "Rudi kwa mteja wako kabla hajajiona kwenye kioo."

Jina la Adabu alipewa na mtaa, naye hakulikataa. Mtoto yeyote aliyempa mtu mzima kitu kwa mkono wa kushoto mbele ya mlango ule hakufika mwisho wa njia bila sikio kusokotwa. Samaki mkunje angali mbichi, Bibi alisema, na mtaa mzima ulijaa samaki aliowakunja yeye, wengine sasa wana mvi.

Sababu ya kola kuungua ilikuwa gazeti. Nguo zikishapigwa pasi zilikunjwa na kufungwa ndani ya magazeti makuukuu ambayo Bibi aliyanunua kwa kilo, na kazi ya kufunga ilikuwa ya mjukuu wake wa kike, aliyemlea tangu ana miaka miwili. Msichana huyo hakufunga karatasi bila kuisoma kwanza. Suruali za watu zilimpa habari za vita, bei za sementi na matangazo ya ndoa. Tangu miezi mitatu iliyopita alikuwa akitafuta kitu kimoja tu: mtu wa kumlipia chuo. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea udaktari wa meno. Barua ya kukubaliwa ilibandikwa ukutani juu ya ndoo ya maji ya wanga, na mtaa wote ulikwisha kumwita Daktari. Nafasi ilikuwepo, ada haikuwepo. Ili kuilipa kwa kazi ya mikono yake, Bibi angelazimika kupiga pasi mpaka siku ya kiama, na wafu wangefufuka kola zao zimenyooka.

Daktari alikuwa amebisha kila mlango. Mfuko wa yatima ulimwambia mama yake yu hai, na kweli alikuwa hai, akilea watoto wa watu katika mji wa mbali. Mfuko wa wasichana wa mashambani ulimwambia yeye ni wa mjini. Wengine walitaka wacheza kikapu, naye alikuwa mfupi kiasi kwamba Bibi alimshushia kamba ya nguo. Shirika moja lilimtaka alete taarifa ya benki ya miezi sita ili kuthibitisha kwamba hana fedha. Alipoeleza kwamba hana akaunti, afisa alimtazama kwa huruma, akamwambia kwamba bila akaunti umaskini wake hauwezi kuthibitishwa.

Asubuhi hiyo, akifunga suruali ya muuza magodoro, Daktari alicheka.

"Sikia hii, Bibi. Kuna marehemu fundi cherehani ameacha mfuko wa kusomesha. Ada yote, miaka yote. Lakini eti ni kwa mwanafunzi aliyezaliwa na shoto! Eti marehemu alikata nguo kwa mkono wa kushoto maisha yake yote, na mikasi yote ya dunia imetengenezwa kwa ajili ya wa kulia." Akaikunja suruali, akaifunga, akakaza uzi. "Duniani kuna watu na bahati zao. Mimi hata shoto sina."

Muuza magodoro akaja, akachukua mzigo wake, akaenda. Na pasi ikabaki imesimama juu ya kola ya mhasibu.

Kwa maana duniani alikuwepo mtu mmoja aliyejua ukweli, na mtu huyo alikuwa ameshika pasi.

Mtoto yule alipofika mikononi mwake alikuwa na shoto ya wazi kama jua la saa sita. Alishika kijiko kwa kushoto, alirusha mawe kwa kushoto, alimpungia mama yake mkono wa kushoto siku mama alipoondoka. Bibi alivumilia mwaka mmoja. Mtoto alipotimiza miaka mitatu, alichukua mkanda wa gauni la buluu ambalo mteja mmoja hakurudi kulichukua, akaufunga ule mkono kiunoni mwa mtoto asubuhi, akaufungua jioni. Miezi saba. Mtoto alilia mwezi wa kwanza, akazoea wa pili. Mpaka anaanza shule alikuwa wa kulia kama watu wote, na Bibi alijisifu kimyakimya, kama fundi aliyenyoosha mbao iliyopinda.

Sasa mbao ile ilikuwa inatafutwa ikiwa imepinda, na kwa bei ya ada yote, miaka yote.

Wakati wa chai akammiminia mjukuu kikombe.

"Mke mwenzangu," akaanza. Alimwita hivyo kwa utani alipotaka kitu, au alipokuwa na kosa. "Lile gazeti liko wapi?"

"Gazeti gani?"

"La mashoto."

"Limekwenda na suruali. La nini?"

Bibi alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Wewe ulizaliwa na shoto."

Msichana aliweka kikombe chini. Akautazama mkono wake wa kushoto kana kwamba mtu kamkabidhi sasa hivi. "Mimi? Na kwa nini niliacha?"

"Watoto huacha mambo mengi. Uliacha na kunyonya."

Huo haukuwa uongo mtupu, lakini haukuwa ukweli wa kutosha kupikia chai. Daktari hakuuliza zaidi, kwa sababu alikuwa ameshatoka mlangoni anakimbia.

Walimkuta muuza magodoro ameivaa suruali, na gazeti amewashia jiko. Kinyozi, ambaye hakualikwa lakini hakukosekana, alipiga magoti akachomoa kipande kilichobaki. Anwani ilisomeka. Masharti yalisomeka: matokeo ya mtihani, barua ya chuo, mwombaji aje na mzazi au mlezi. Tarehe ya mwisho ilikuwa imeungua.

"Tarehe ikiungua maana yake ni leo," alisema kinyozi.

Wakatuma maombi siku ileile. Baada ya wiki mbili likaja jibu: fika kwenye usaili, siku ishirini na moja kutoka leo.

Hapo ndipo nyumba ya Bibi Adabu ilipogeuzwa nje ndani kama soksi. Usiku mmoja tu alifikiri, na asubuhi akatoa amri: kuanzia sasa mjukuu wake atakula kwa kushoto, ataandika kwa kushoto, atapiga pasi kwa kushoto. Na kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa na kiherehere, ukitangulia kila mahali kama mbwa wa nyumbani, Bibi alifungua kopo la vifungo, akatoa mkanda wa buluu, akaufunga ule wa kulia kiunoni.

"Umeutoa wapi mkanda huu?" aliuliza Daktari.

"Upo tu."

Wakati wa kula Bibi aligeukia ukuta. Kuagiza alikuwa ameagiza mwenyewe, lakini kuona hakuweza. Kinyozi alikuja kila siku kushuhudia.

"Mama, geuka uone! Anakula kwa mkono ule ule ulionisokotea sikio nikiwa na miaka sita!"

"Sikio lako lilisokotwa na mimi, si na mkono wake. Na bado lipo karibu."

"Halafu fikiria," aliendelea kinyozi, akivuta kigoda. "Huyu atakuwa daktari wa meno. Mtu atafungua kinywa, na Daktari ataingiza nini? Kushoto! Umemkataza mkono huo usiingie kinywani mwake mwenyewe, sasa atalipwa mshahara kuuingiza kwenye vinywa vya watu."

Jambo hilo Bibi hakuwa amelifikiria. Alikwenda nje akasimama kidogo karibu na kamba za nguo.

Lakini kinyozi hakuwa mtu wa maneno tu. Alitoa kichwa chake mwenyewe kwa mazoezi. Daktari alikinyoa kwa kushoto, mkono wa kulia umefungwa, mtaa umejipanga mlangoni. Tangu siku hiyo kinyozi hakuvua kofia. Biashara yake ilipungua, kwa maana nani atakaa kwenye kiti cha mtu aliyenyolewa vile? Na hakulalamika. Alisema tu kwamba meno yake yakianza kuuma atakwenda kwa mganga mwingine.

Wiki ya kwanza mkono ule wa kushoto ulikuwa kama mtu aliyetoka jela: mlango uko wazi, naye anasubiri aambiwe apite. Wiki ya pili ulianza kutoka peke yake. Siku moja Bibi aliingia akakuta mashati tisa yamepigwa pasi na kukunjwa. Mikunjo yake ilikwenda upande mwingine, lakini ilikuwa imenyooka kama mistari ya daftari, na Daktari alikuwa akiimba. Kwa mkono wa kulia hakuwahi kuimba akipiga pasi. Bibi alisimama na ndoo yake ya maji, akahesabu miaka. Kumi na sita. Akaweka ndoo chini taratibu, akajifanya anatafuta kiberiti.

Siku ya usaili walifika mapema. Ofisi ya mfuko ilikuwa juu ya duka la vitambaa, na kwenye korido waliketi waombaji kumi na mmoja na wazazi wao. Mvulana mwenye kofia alikuwa akichora farasi kwa kushoto. Msichana wa miwani alikuwa akichambua karanga kwa kushoto. Kijana mmoja mwenye tai alisimama kwa heshima, akamsalimu Bibi shikamoo, akamnyooshea mkono. Wa kushoto.

Bibi aliutazama mkono ule kama mtu anayetazama nyoka aliyevaa viatu. "Marahaba," akasema, na mikono yake akaikalia.

Alimfungua mjukuu wake mkanda pale pale mlangoni, akautia kwenye mkoba. "Kumbuka," alimnong'oneza. "Kushoto, kushoto, kushoto. Ukiombwa kalamu, kushoto. Ukipewa maji, kushoto. Mungu atanisamehe."

Wakaitwa wa mwisho.

Ndani kulikuwa na watu watatu nyuma ya meza yenye chai na biskuti: mwenyekiti, mzee mwenye suti ya kijivu ambayo suruali yake, Bibi aliona mara moja, ilikuwa na mistari miwili ya pasi mahali pa mmoja; katibu, mwanamke mnene mwenye kalamu nyuma ya sikio; na mtunza hazina aliyekuwa mwembamba kama rula yake. Mwenyekiti alisimama, akazunguka meza, akatabasamu, akanyoosha mkono wa kushoto kumsalimu Daktari.

Daktari alifanya kama alivyofundishwa. Alinyoosha wa kushoto.

Na Bibi Adabu, ambaye kwa siku ishirini na moja alikuwa ameitesa nafsi yake ili tendo hilo litokee, aliuona mkono wa mtoto aliyemlea ukimwendea mzee wa watu vile, na mkono wake mwenyewe ukaruka kabla yeye hajauliza.

Paa!

"Mkono huo, mbele ya wakubwa?"

Kofi lilisikika mpaka koridoni. Mwenyekiti alibaki na mkono hewani. Kalamu ilianguka kutoka sikioni mwa katibu. Daktari aliushika mkono wake, uso umemwiva, na Bibi akaona machoni mwake ile barua juu ya ndoo ya wanga ikibanduka ukutani yenyewe.

"Mama," alisema mtunza hazina, akiandika kitu, "kumbe huyu binti si wa shoto. Kama angekuwa wa shoto, wewe mlezi wake ungekuwa umezoea."

Mjukuu alifungua mdomo, akaufunga. Bibi aliona kwamba mtoto huyu angetoka chumbani bila neno, kwa sababu mkubwa hasahihishwi mbele za watu. Hilo pia alimfunza yeye.

"Andika," alisema Bibi. "Lakini usiandike hilo. Andika mimi." Akafungua mkoba, akautoa mkanda wa buluu, akauweka mezani. "Huyu alizaliwa na shoto. Mimi nilimfunga. Miezi saba, kwa mkanda huu, tangu asubuhi mpaka jioni. Nimemwambia aliacha mwenyewe. Hakuacha. Nilimwachisha. Nilidhani namnyoosha." Akaugusa kwa kidole. "Tazameni hapo katikati, palipokunjamana. Hapo palizunguka mkono wake. Uoneni ulivyokuwa mdogo. Nimeupiga pasi mkanda huo mara ngapi, na mkunjo ule hautoki. Na mimi ni dobi, nguo hainishindi."

Katibu aliuchukua mkanda, akaukunja kwa kufuata mkunjo ule, akapitisha vidole viwili katika kiduara kilichotokea. Vilienea kwa shida.

"Mimi walitumia rula," alisema. "Walimu wanne, mmoja baada ya mwingine."

"Mama yangu alinipaka pilipili kwenye vidole," alisema mwenyekiti. "Nikajisugua macho."

Wakamtazama mtunza hazina. Alikohoa. "Soksi," alisema. "Walinivika soksi ya baba mkononi mpaka darasa la tatu. Haikuwa imefuliwa."

Hapo mwenyekiti alicheka, akaketi, akapiga funda la chai, akajifuta macho. "Mama, nikueleze. Leo wameingia vijana kumi na mmoja. Wote wanaandika kwa kushoto vizuri kuliko sisi watatu. Kila mmoja bi katibu amemuuliza: nani alikukataza? Nao wakajibu: hakuna, nyumbani waliniacha nilivyo. Kumi na mmoja, mama! Kana kwamba wamezaliwa katika nchi isiyo na bibi. Labda wawili watatu ni wa kweli, na Mungu awape heri bibi zao. Lakini marehemu mjomba wangu aliacha mfuko huu kwa waliozaliwa hivi, na mimi sijakutana na hata mmoja asiye na hadithi ya kufungwa."

"Kwa hiyo kofi langu..." alianza Bibi.

"Kofi lako ndicho cheti bora tulicholetewa leo." Akamgeukia Daktari. "Lakini cheti cha bibi hakitoshi. Kwa nini meno, binti?"

Daktari alimeza mate. "Mzee, naomba uniwie radhi. Jino lako la juu, upande wa kulia, linakuuma tangu lini?"

Mwenyekiti aliweka mkono shavuni. "Nani kakwambia?"

"Biskuti yako umeiuma mara moja ukaiacha. Chai unaisukumia upande wa kushoto. Na ukicheka, unacheka nusu." Akaongeza kwa sauti ndogo, "Kwetu wateja huja na nguo tu, lakini wanasimama mlangoni wakiongea, nami naangalia vinywa. Nusu ya mtaa wetu hutafunia upande mmoja. Hawaendi kutibiwa kwa sababu daktari aliye karibu nao yuko mbali."

Mtunza hazina alifuta alichokuwa ameandika, akaandika upya, kwa muda mrefu zaidi.

Walipoaga, mwenyekiti alizunguka meza tena. Safari hii alimnyooshea Bibi mkono. Wa kushoto. Katibu aliacha kupanga karatasi. Bibi aliutazama mkono ule, akaitazama suruali ya mistari miwili, akafikiri kwamba mtu huyu hana mtu wa kumpigia pasi na bado ana utu. Mkono wake wa kushoto ulitoka taratibu, kama mgeni asiyejua aketi wapi. Ulishikwa. Haukuungua.

"Hiyo suruali," alisema Bibi, "niletee. Bure."

Wakashuka ngazi. Chini kabisa, kati ya majora ya vitambaa, Bibi alisimama.

"Nisamehe, mke mwenzangu."

"Nilijua," alisema Daktari.

"Ulijua nini?"

"Siku uliponifunga wa kulia. Ulifunga fundo bila kutazama, Bibi, ukiwa unaongea na kinyozi mambo mengine. Fundo la namna ile mtu halifungi mara ya kwanza."

"Na hukusema?"

"Nilingoja useme. Si ulinifunza mkubwa hasahihishwi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa adabu kumgeukia Bibi mwenyewe, naye hakuipenda.

Baada ya siku tisa barua ilikuja. Kinyozi, aliyemwona tarishi kabla ya watu wote, alisimama mlangoni na kofia yake, na nyuma yake mteja mwenye povu shavuni. Daktari aliifungua, akasoma mstari wa kwanza, akakaa juu ya furushi la nguo chafu, akasimama, akacheka, akaruka mara mbili.

"Ada yote?" aliuliza kinyozi.

"Yote! Miaka yote!"

Kinyozi akavua kofia akairusha juu, na mtaa mzima ukakiona tena kile kichwa. "Kazi yake hii!" alipiga kelele. "Nimekitoa sadaka!"

Daktari alimkimbilia Bibi, akampa barua. Kwa furaha ile hakufikiri, na mkono uliotangulia ulikuwa wa kushoto.

Mkono wa Bibi Adabu ukapanda juu. Kinyozi aliuona, akajishika sikio. Ukabaki hewani pumzi moja, mbili. Kisha ukashuka polepole, ukaichukua barua kutoka kwenye vidole vile vya kushoto, kwa upole ambao Bibi aliutumia kwa hariri peke yake.

Aliipokea kwa kulia, lakini. Kila jambo lina kiasi chake.